Mtori wa Uchagani: tukipoteza kihamba, tutabaki na blenda

Wadau, kila Desemba mabasi ya kwenda Moshi yanajaa. Wachaga wanarudi nyumbani, na stori zote ni mbege na nyama. Mimi safari hii nilifuata mtori tu. Nilianzia Moshi mjini, nikapanda Marangu kupitia Himo, nikamalizia Mwika.

Kwa wasioujua, mtori ni supu nzito ya ndizi mbichi na nyama. Ndizi inayosifiwa zaidi ni mshare. Nyama yenye mifupa inachemshwa hadi iive kabisa. Ndizi zinamenywa, zinachemshwa na kitunguu, zinapondwa kwa mwiko, halafu supu inamiminwa kidogo kidogo mpaka iwe laini kama uji. Wengine wanamalizia na samli.

Mjini utaukuta asubuhi migahawani, bakuli la kuamsha mwili. Kule juu una heshima yake: ni chakula cha mzazi. Mama akijifungua, kwa desturi anapumzika kama miezi 3, na mtori haukosekani, arudishe nguvu na apate maziwa.

Sasa angalia ulikotoka. Kwenye kihamba, migomba inakivulia kahawa kivuli. Ng'ombe yuko bandani, analishwa majani na vigogo vya migomba, na samadi yake inarudi shambani. Maji yanashuka kwa mifereji iliyochimbwa na mababu. Yaani ndizi, nyama na samli vyote vinatoka kwenye duara moja. Ndiyo maana mwaka 2011 FAO iliutambua mfumo huu, kupitia Shimbwe Juu, kama urithi wa kilimo wa dunia.

Tatizo ni kwamba kihamba kinagawanywa kwa watoto, kizazi baada ya kizazi, hadi kinabaki kiwanja cha nyumba. Vijana wako Dar na Arusha. Ng'ombe akiondoka, samadi inaondoka, na mgomba unadhoofu.

Mapishi nayo hayajaandikwa. Bibi mmoja wa Mwika nilimuuliza anaweka supu kiasi gani. Akacheka: "Mjukuu wangu, mwiko ndio unasema." Akanipa mwiko nikoroge. Ukiwa mzito mkononi, ongeza, ukiteleza, acha. Blenda haisemi hivyo.

Basi wadau, Desemba mkipanda, msikae sebuleni mkisubiri bakuli. Ingieni jikoni kwa bibi, shikeni mwiko, andikeni. Na mgomba wa mshare ukianguka, pandeni mwingine.

Wa Machame, Kibosho na Rombo, kwenu mnaupikaje? Karibuni tuelimishane.