Jiwe la kijani linakua polepole

Baba na mama, ndugu wachimbaji, katika nyumba nyingi za Kolwezi na Likasi iko jiwe la kijani juu ya meza. Baba alilitoa kazini, watoto wanalichezea. Leo tunaeleza namna linavyozaliwa, na sababu gani wenzake wengine wasiingie nyumbani.

Malakiti inazaliwa na maji. Mvua inapita katika mawe yenye mukuba, inabeba mukuba kidogo, halafu inakutana na mawe ya chokaa. Pale mukuba unashikana na vitu vya chokaa ile na kugeuka jiwe. Jiwe hilo haliyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo kulikuza kunaomba uvumilivu. Mutu akimwaga maji ya sulfati ya shaba katika maji ya soda kwa haraka, anapata paka unga. Lakini chini ya udongo mukuba unafika kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka. Kata malakiti, utaona mistari yake kama ya kitunguu. Wataalamu nao wanafanya hivyo: wanaweka rojo katikati ya maji mawili ili yakutane polepole, kisha wanangoja majuma.

Kumbe udongo wetu haukuzi malakiti tu. Kule Shinkolobwe, ambako urani iligunduliwa mwaka 1915, na kule Musonoi pia, maji yalikuza kristali za kijani zenye urani ndani: zingine kama sindano nyembamba, zingine bapa kama majani. Zinapendeza macho sana. Lakini zinatoa miale muchana na usiku, na mutu hasikii kitu. Shinkolobwe ilifungwa kwa amri ya Rais mwaka 2004.

Macho peke yake hayatoshi kuzitambua, inatakiwa chombo cha kupima miale. Basi, jiwe lenye sindano au majani ya kijani usiliweke chini ya kitanda, usimpe mutoto, usilisage. Hata malakiti yenyewe, unga wake ni mubaya kwa mapafu: ukiikata, ilowanishe na ufunge pua na kinywa.

Tunajua njaa, na tunajua mununuzi analipa. Lakini mununuzi anaenda zake. Unga unabaki ndani ya nyumba, pamoja na watoto.