Ulinzi wa Mitandao ya Taasisi Zetu, Sehemu ya Tatu: Shughuli Inakwenda au Imesimama?

Katika sehemu mbili zilizotangulia nilieleza namna ya kuiwekea mlinzi kila mashine ya ofisi, yaani programu inayobisha hodi kwenye seva, rauta au swichi kila baada ya dakika chache na kuandika kama imejibu. Leo tunapanda hatua moja zaidi. Kwa maoni yangu hatua hii ndiyo sababu hasa ya kazi yote ile: kuufanya mtandao utuambie, kwa neno moja, kama shughuli za taasisi zinakwenda au zimesimama.

Mlinzi wa mashine atakuambia kuwa swichi ya jengo la utawala iko hai na hifadhidata imejaa asilimia 71. Fundi anahitaji habari hizo. Mkuu wa taasisi anauliza mambo mengine kabisa: je, mwombaji aliyeko Sumbawanga anaweza kujaza fomu ya kujiunga leo? Mhasibu anaweza kutoa ankara? Matokeo ya mtihani yanaonekana? Mara nyingi tumemwonyesha ukurasa wenye taa mia, na tumemwacha akisie jibu mwenyewe.

Nimechagua kuandika juu ya Lushoto kwa sababu hapo swali hili lina uzito wa pekee. Ni mji mdogo juu ya milima ya Usambara Magharibi, kilometa 33 hivi kutoka Mombo kwa barabara ya kona inayopita Soni, lakini wengi wanaotegemea kazi za ofisi zake hawakai huko. Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, hupokea wanafunzi kutoka nchi nzima. Kabichi, karoti na viazi vya milima hii huliwa Tanga na Dar es Salaam, na fedha zake hurudi kwa njia ya simu. Mtandao wa ofisi moja ukisumbua, anayeumia kwanza huenda ni mtu aliye mbali ambaye hawezi hata kuja dirishani kuuliza.

Nitachora chuo cha mfano, ambacho si kimojawapo cha vyuo vilivyopo. Kina seva mbili za tovuti, seva moja ya hifadhidata, laini mbili za intaneti kutoka kampuni mbili, rauta, swichi kadhaa, betri za akiba na jenereta. Tuchukue shughuli moja tu, malipo ya ada. Tangu mwaka 2017 taasisi za umma zimekuwa zikihamia kwenye mfumo wa serikali wa malipo, GePG. Mlipaji hupewa kumbukumbu namba yenye tarakimu 12, ile ambayo wengi tunaiita kontroo namba, kisha hulipa benki au kwa simu. Ili namba hiyo ipatikane kwenye chuo chetu cha mfano, lazima ukurasa wa chuo ufunguke, hifadhidata imtambue mwanafunzi, maombi yatoke chuoni yafike kwenye mfumo wa serikali, jibu lirudi, na muda wote huo umeme uwepo.

Kaa na mhasibu, karatasi na kalamu, mwandike mnyororo huo kabla hujagusa kompyuta. Nasisitiza mhasibu. Fundi anajua nyaya zinapita wapi, lakini mhasibu ndiye anayejua kwamba ukurasa unaweza kufunguka vizuri huku namba hazitoki, na kwamba wiki ya usajili saa moja ya kukwama ni foleni mpaka nje ya geti. Nimeona orodha nzuri za vifaa ambazo hazikuwa na kitu hata kimoja kuhusu hatua ya kurudi kwa jibu la malipo, kwa kuwa hakuna kifaa cha chuo kinachobeba jina hilo.

Mkishamaliza mnyororo, kila kiungo kipewe kanuni. Kanuni za msingi ni tatu. Ya kwanza ni ya vyote: umeme, hifadhidata na rauta vyote lazima viwe hai, na kimoja kikifa shughuli imekufa. Ya pili ni ya chochote kimoja: seva mbili za tovuti zinafanya kazi ileile, mojawapo ikibaki inatosha. Ya tatu ni ya angalau kadhaa: kati ya madirisha matano ya malipo, matatu yakifanya kazi siku inakwenda, ingawa kwa taabu.

Hesabu ya kanuni ya kwanza huwashangaza wengi. Tuseme shughuli inategemea vitu sita, na kila kimoja kinapatikana asilimia 99 ya muda, bila kuharibika pamoja na vingine. Zidisha 0.99 kwa yenyewe mara sita, utapata karibu 0.94. Kwa mwezi wa siku 30 hiyo ni kama saa 42 za kusimama, ilhali ripoti ya kila kifaa kikiwa peke yake inapendeza. Ndiyo maana fundi anaweza kusema kwa dhati kabisa kwamba mitambo yake ni mizima, na mwanafunzi naye akasema kweli kwamba mfumo uko chini kila mara.

Programu za kufanya kazi hii zipo, na kadhaa hazilipiwi leseni. Nagios ilianzishwa na Ethan Galstad mwaka 1999 kwa jina la NetSaint. Icinga ilichipuka kutoka humo mwaka 2009. Zabbix ilianzishwa na Alexei Vladishev wa Latvia. Katika ukoo wa Nagios kila kipimo hurudisha namba moja kati ya nne: 0 ni salama, 1 ni tahadhari, 2 ni hatari, 3 ni haijulikani. Muhtasari wa shughuli huzikusanya namba hizo kwa kanuni tulizozitaja. Kanuni ya vyote huchukua hali mbaya kuliko zote, na kanuni ya chochote kimoja huchukua hali nzuri kuliko zote. Muhtasari mmoja unaweza kuwa kiungo cha muhtasari mwingine, hivyo “malipo ya ada” na “fomu za kujiunga” vikaungana kuwa “huduma kwa wanafunzi”.

Baadhi ya programu hukuruhusu kuweka asilimia: vikibaki hai chini ya asilimia 90 ya viungo iwe tahadhari, chini ya 80 iwe hatari. Njia hiyo ina mvuto kwa sababu haihitaji kufikiri sana, na hapo ndipo inapodhuru. Katika viungo 20, kikifa kimoja bado una asilimia 95. Kama kilichokufa ni swichi ya maktaba, sawa. Kama ni hifadhidata, hakuna malipo hata moja yanayopita na muhtasari unasema salama. Asilimia itumike kwa vitu vinavyofanana na kusaidiana tu. Kilicho peke yake kiwekwe kuwa cha lazima.

Kanuni ya chochote kimoja ina mtego mkubwa zaidi, na hapa nchi nzima ilipata somo mwaka 2024. Intaneti ya Tanzania hutegemea sana mikongo ya baharini inayotia nanga Dar es Salaam, miwili kati ya hiyo ikiwa SEACOM, iliyoanza kazi mwaka 2009, na EASSy, iliyofuata mwaka 2010. Kwa maneno ya kanuni zetu, huo ni uhusiano wa chochote kimoja: huu ukikatika, ule ubebe. Februari 2024 nyaya kadhaa zilikatika katika Bahari ya Shamu, ikiwemo njia ya SEACOM ya kwenda kaskazini. Mtumiaji wa kawaida wa Tanzania hakusikia kishindo, maana njia nyingine zilibeba mzigo. Kisha Jumapili ya tarehe 12 Mei, SEACOM na EASSy zikapata hitilafu kwa pamoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nchi kadhaa za Afrika Mashariki zilipata shida, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulifunga ofisi zake kwa umma kwa siku mbili ukieleza kuwa huduma ya mtandao imedorora nchini kote.

Kwa fundi wa taasisi ndogo mlimani kuna mambo mawili ya kuchukua hapo. La kwanza, majina mawili tofauti si lazima yawe njia mbili tofauti. Mikongo ile ilikuwa na wamiliki tofauti lakini ikapita bahari ileile, na ilianguka siku moja. Chuo chetu cha mfano kina laini mbili kutoka kampuni mbili. Je, minara ya kampuni hizo inapata mawasiliano kwa faiba moja inayopanda kutoka Mombo? Inapata umeme kwa waya mmoja, ambao mti ukiangukia wakati wa masika zote zinazimika? Uliza kampuni kwa barua, usikubali jibu la mdomo. Kama njia ni moja, basi katika mchoro wako ziweke chini ya kiungo kimoja cha lazima, hata kama ankara zinakuja mbili.

La pili ndilo ninalolijali kuliko yote katika makala haya. Kati ya Februari na Mei huduma ilikuwepo, lakini sehemu ya akiba haikuwepo. Kanuni ya chochote kimoja ikiachwa ilivyo haisemi habari hiyo. Laini ya kwanza ikifa, ya pili inabeba, muhtasari unabaki wa kijani, hakuna anayepigiwa simu, na miezi inapita. Siku laini ya pili nayo ikifa, watu wanasema mtandao umekatika ghafla, kumbe nusu yake ilikatika zamani. Kwa hiyo andika kanuni mbili kwa kila jozi: ikibaki moja iwe tahadhari, zisipobaki iwe hatari. Rangi ya njano iwe na maana moja tu katika taasisi nzima, kwamba kazi inakwenda lakini akiba imeliwa. Na iwe na mwenyewe, mtu mwenye jina, anayetakiwa kueleza kila asubuhi kwa nini njano bado ipo.

Wengi wataniambia kwamba njano ikizidi watu huizoea. Ni kweli. Huizoea pale inapowashwa kwa kila jambo dogo, diski iliyojaa asilimia 80, mashine ya kuchapa isiyo na karatasi. Hayo yabaki kwenye ukurasa wa fundi, yasipande kwenye muhtasari wa shughuli.

Hali ya haijulikani nayo isidharauliwe. Rauta ikifa, mashine zote zilizo nyuma yake hazifikiki, wala hatujui kama ni nzima. Ukiuambia mfumo ni kipi kiko nyuma ya kipi, utakutumia habari moja ya rauta badala ya ujumbe arobaini wa usiku wa manane. Usipoueleza, fundi ataizima simu, naye nitamwelewa.

Hata mchoro mzuri hautoshi bila kipimo kimoja kinachopita njia nzima kama mtumiaji. Weka programu inayojifanya mwanafunzi: inafungua ukurasa wa chuo, inaingia kwa akaunti maalumu, inaomba kuona deni lake, inapima sekunde zilizotumika. Isiombe kumbukumbu namba mpya kila dakika tano, kwani itamjazia mhasibu ankara hewa kwa mamia. Kuangalia deni kunatosha kupima ukurasa na hifadhidata. Kwa upande wa GePG, fuatilia ni muda gani umepita tangu maombi ya mwisho ya kweli yajibiwe. Wakati wa usajili, dakika 30 bila jibu ni dalili mbaya. Likizo ya Desemba, siku nzima bila jibu huenda ni utulivu tu. Kalenda ya chuo nayo ni sehemu ya kanuni.

Kipimo hicho kikisema hatari huku mchoro wote ni kijani, amini kipimo. Maana yake ni kwamba kuna kiungo mlichokisahau kwenye karatasi. Rudini mkitafute, mkiongeze, na kila tukio la namna hiyo litaufanya mchoro ufanane zaidi na kazi yenyewe.

Limebaki swali la mlinzi mwenyewe akae wapi. Akiwa chumba kimoja na seva, kwa betri zilezile na laini ileile, umeme ukikatika atazimika pamoja nazo, na ukimya wake utafanana na amani. Kwa hiyo awe na njia yake ya kutoa habari, modemu yenye laini ya simu inayotuma ujumbe mfupi bila kupitia intaneti ya chuo. Vilevile awepo mlinzi mdogo wa pili nje ya Lushoto, Tanga mjini kwa mfano, ambaye kazi yake ni kupokea neno “nipo” kutoka kwa wa kwanza kila dakika kumi. Neno hilo lisipofika mara mbili mfululizo, yeye ndiye anayempigia fundi.

Kwa chuo cha mfano tulichokichora, kazi hii yote inaingia kwenye kompyuta moja ya kawaida isiyo mpya. Gharama kubwa ni muda wa kukaa na mhasibu, msajili na mkutubi, kila mmoja na mnyororo wake. Anza na shughuli tatu, usianze na thelathini.

Sehemu ya nne itahusu kumbukumbu za muda mrefu: namna ya kuzitumia hali hizi za kila siku kudai kutoka kwa kampuni za mawasiliano huduma iliyoandikwa kwenye mkataba.

(Itaendelea)