Kijana akizidiwa na mawazo kijijini: ni lazima hospitali?

Tuseme upo Nyakitonto, Wilaya ya Kasulu. Ni saa mbili usiku. Kijana wa jirani, miaka 17, siku ya tatu hagusi chakula, na leo amemwambia mdogo wake kwamba amechoka kuishi. Unampeleka wapi?

Hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili ni Mirembe, Dodoma, zaidi ya kilomita 700 kwa barabara. Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, ipo Kigoma mjini. Piga hesabu: nauli ya watu wawili, chakula cha msindikizaji, siku za shamba zinazopotea. Familia nyingi zikishapiga hesabu hiyo hubaki nyumbani, na huko nyumbani mara nyingi kinachofuata ni kamba, kipigo au kimya.

Swali letu leo: kati ya kitanda cha wodi na kamba, hakuna kitu kingine? Kipo, tena kimepimwa kisayansi.

Kwa nini saa chache zina uzito

Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 18, na kujiua ni sababu ya tatu ya vifo kwa walio kati ya miaka 15 na 29. Lakini hamu ya kufa kwa kawaida haikai pale pale. Inapanda, inafika kileleni, halafu inashuka, wakati mwingine ndani ya saa chache tu. Anayesaidiwa kuvuka kilele hicho ana nafasi kubwa ya kuendelea kuishi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumvusha salama, hata kama chanzo cha maumivu bado hakijaguswa.

Ushahidi unasemaje?

Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China. Watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua waligawanywa kwa kura. Wote walipata matibabu ya kawaida. Nusu yao waliongezewa mazungumzo ya saa moja, kisha wakafuatiliwa mara tisa katika miezi 18, kwa simu au kwa kutembelewa. Basi. Waliokufa kwa kujiua walikuwa asilimia 2.2 katika kundi la kawaida, na asilimia 0.2 katika kundi lililofuatiliwa. Yaani kupigiwa hodi tu, mtu akauliza "unaendeleaje?", kunaokoa maisha.

Je, anayepiga hodi lazima awe daktari bingwa? Hapana. Zimbabwe, Profesa Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti wa mwaka 2016, wenye washiriki 573, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na wasiwasi kuliko wenzao. Hapa kwetu Moshi, mradi wa Sauti ya Vijana uliwafundisha vijana wasio na shahada ya udaktari kuongoza vikundi vya wenzao wanaoishi na VVU. Na hapohapo Kasulu, katika kambi ya Nyarugusu, jaribio lililoitwa Nguvu lilionyesha kuwa wakimbizi waliopewa mafunzo wanaweza kuwahudumia wanawake wenzao walioumizwa na ukatili.

Tusiongeze chumvi: Nguvu ilihusu wanawake, na benchi la Chibanda lilipimwa kwa watu wazima. Tunachojifunza hapo ni kwamba kusikiliza kwa utaratibu ni ujuzi unaofundishika.

Usiku huo ufanye nini?

*Muulize waziwazi.* "Mdogo wangu, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kunampa nafasi ya kushusha mzigo.

*Usimwache peke yake, na ondoa hatari.* Sumu ya wadudu, dawa ya kuhifadhia nafaka, kamba, vidonge: vitoke nyumba hiyo usiku huohuo. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, vifo vya kujiua vilishuka kwa zaidi ya theluthi mbili kutoka kilele cha miaka ya 1990.

*Wekeni mpango.* Dalili gani zinaonyesha hali inachafuka? Nini humtuliza? Amwite nani kwanza, na huyo asipopatikana, nani wa pili? Karatasi moja inatosha.

*Rudi.* Kesho, keshokutwa, wiki ijayo. Mshirikishe mhudumu wa afya ngazi ya jamii na zahanati.

Lini hospitali haina mjadala?

Akishakunywa sumu au kumeza vidonge, hata kama anaonekana mzima: nendeni sasa hivi. Akiwa na homa, degedege au kuchanganyikiwa ghafla, nendeni pia. Inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, wala si "mashetani". Vilevile akisikia sauti zinazomwamuru aue au ajiue, au mkishindwa kumlinda.

Kikwazo tusichokisema

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kwa hiyo familia huogopa polisi, inaficha, na kijana anakosa msaada saa ileile anapouhitaji. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha aina hiyo kinakiuka katiba.

Upande wa pili kuna nafasi. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano. Hao tayari wanajua njia za kila kitongoji. Wakifundishwa kuuliza lile swali moja, na kurudi mara tisa, Nyakitonto itakuwa na huduma ya dharura isiyohitaji nauli ya Dodoma.