Watoto wa Kalemie Si Kasuku

Wageni wanaokuja kwetu Kalemie, hapa Kongo, na miradi yao hupita nje ya shule zetu za msingi, wakasikia darasa zima likijibu kwa sauti moja, kisha wakaandika kwamba watoto wetu wanakaririshwa kama kasuku. Wangeingia ndani wakakaa, wangeona mengine.

Darasa lenye kitabu kimoja, nacho kiko mezani kwa mwalimu, husoma kwa sikio. Mwalimu anatamka, watoto wanaitikia, kisha ananyamaza na kumnyooshea kidole mmoja wa nyuma, ambaye sasa lazima ajibu peke yake. Akikwama, wenzake wanampokea, na wote wanarudia mpaka jibu limkae. Mwenye haya hujizoeza kutoa sauti katikati ya sauti za wengine kabla hajaitwa ubaoni. Huko ni kulea mtoto.

Hesabu nayo ilianzia mkononi. Mtoto wa darasa la kwanza alikuja na vijiti vyake, ambavyo kaka au babu alimkatia. Kumi vilifungwa kwa uzi vikawa fungu. Ukitaka kutoa saba katika kumi na mbili, ulikuwa na fungu moja na vijiti viwili pembeni. Viwili havitoshi. Basi unafungua fungu, unaweka uzi kando ya dawati usipotee, unachanganya vyote, unaondoa saba, unahesabu vilivyobaki: vitano. Aliyefungua fungu lile kwa vidole vyake alijua maana ya kuazima kabla ya kuandikiwa ubaoni.

Na maelezo yote yalikuwa kwa Kiswahili. Lakini lugha hiyo haikukubaliwa sikuzote: baada ya uhuru Kifaransa kiliingizwa mpaka darasa la kwanza. Miaka ya 1970 lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo, zikarudishwa, na sheria ya elimu ya 2014 inazitambua kuwa njia ya kufundishia. Hata hivyo, mtihani wa mwisho wa darasa la sita ni wa Kifaransa. Anayetafuta kasuku amtafute hapo, pale mtoto aliyekwisha kuelewa anapolazimika kumeza kanuni kwa lugha asiyoisikia nyumbani wala ufukweni wanapoanikwa ndakala, dagaa wetu.



Tena proklamasyo, tangazo la matokeo, siwezi kuipita. Mwisho wa mwaka wazazi hujaa uwanjani, mwalimu anasoma majina na asilimia, na mama akisikia la mwanawe anapiga vigelegele, anatandika kitenge chini mtoto apite, anammwagia poda kichwani mpaka mabega yanakuwa meupe. Tunaambiwa desturi hii inamwaibisha aliyeshindwa. Lakini wazazi wengi hawasomi zile karatasi za alama. Sauti ya mwalimu ndiyo karatasi yao. Siku hiyo mama muuza samaki anajua, bila kumwomba mtu amsomee, mwanawe amefika wapi. Na jirani wakijua kwamba mtoto amerudi nyuma, hawezi tena kufichwa nyumbani kuwa mchunga wadogo zake.

Elimu ya msingi ya bure, iliyoahidiwa na katiba ya 2006, ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Niliifurahia na bado naifurahia. Lakini madarasa yalifurika, watoto wakabanana kwenye dawati pasipo hata nafasi ya kulaza fungu la vijiti. Mwalimu aliye mbele ya umati huo atapita saa ngapi kuangalia mikono ya kila mmoja? Vijiti vimeanza kuachwa, ikabaki sauti peke yake, na sauti bila vijiti ndiyo inayowapa wageni haki ya kusema wanayosema.

Kwa hiyo viongozi wa elimu wa jimbo la Tanganyika watuongezee vyumba vya madarasa na vitabu vya Kiswahili, na mtihani wa darasa la sita ukubali lugha ambayo mtoto alielewa nayo. Nawe mzazi, mwanao akianza darasa la kwanza, mkatie vijiti na umtafutie uzi.