Stempu za Nchi Iliyodumu Miaka Miwili na Nusu

Mji wetu wa Eldoret ulizaliwa na posta. Kabla ya kupewa jina lake mwaka 1912 palikuwa ni shamba tu lenye nambari 64, ambapo posta ilifunguliwa mwaka 1910. Na wenyeji, kwa kusikia Wazungu wakiitaja nambari hiyo kwa Kiingereza, wakapaita Sisibo. Basi si ajabu kwamba mjini humu wapo makarani, walimu na hata wakulima wapendao kukusanya stempu. Wengi hutafuta zile zenye wanyama na rangi nzuri. Leo nataka kuwaeleza wasomaji habari za stempu za namna nyingine, ambazo ukiziona mara ya kwanza waweza kudhani zimechafuliwa na karani mzembe, kumbe ni mabaki ya vita.

Congo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 Julai, Bwana Moïse Tshombe alitangaza kwamba jimbo la Katanga, lenye shaba nyingi, limejitenga. Mwezi wa Agosti Bwana Albert Kalonji naye akaitenga Kasai ya Kusini, nchi ya almasi. Damu nyingi ilimwagika, na Wabelgiji wengi wakakimbilia Uganda na Kenya. Lakini hata wakati wa vita watu huandikiana barua, na atakaye kuonekana kuwa mtawala hufanya haraka kuuza stempu.

Bwana Tshombe hakuwa na stempu zake mwenyewe. Zilichukuliwa zile zilizosalia za utawala wa Kibelgiji, zenye picha za maua na vinyago, zikapigwa chapa ya neno KATANGA. Serikali ya Leopoldville nayo ilitwaa stempu za maua yale yale ikazipiga chapa ya neno CONGO. Kwa hiyo mkusanyaji aweza kuweka katika ukurasa mmoja maua mawili yaliyo sawa kabisa, kila moja na mwenyewe, na wenyewe hao walikuwa wakipigana. Inayonipendeza kupita zote ni stempu yenye ramani, iliyotolewa kwa furaha ya uhuru wa tarehe 30 Juni. Watu wa Katanga waliipiga chapa maneno ya Kifaransa, na mara ikawa inashangilia tarehe 11 Julai. Mwaka 1961 Katanga ilitoa stempu zake yenyewe zenye picha za sanamu za miti za nchi ile, na Kasai ya Kusini ikatoa zenye kichwa cha chui na herufi V.

Hakuna serikali hata moja duniani iliyoitambua Katanga kuwa nchi, wala haikuwamo katika Umoja wa Posta Duniani. Hata hivyo barua zenye stempu zake zilivuka mipaka zikafika. Mwezi wa Januari 1963 Katanga ilikwisha, na stempu zake hazikuwa na kazi tena ila kwa wakusanyaji.

Anayeanza na ajihadhari na waongo. Neno lililopigwa juu ya stempu ni rahisi kuigwa, hasa likiwa limepigwa kwa mhuri wa mkono, kama lile la JAMHURI 1964 lililogongwa Zanzibar juu ya stempu za Sultani baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari mwaka ule. Tazama tarehe ya mhuri wa posta. Ukiona neno KATANGA juu ya stempu iliyogongwa kabla ya tarehe 11 Julai 1960, mrudishie mwenyewe, nawe ushike fedha zako. Stempu za Katanga zilizo tupu ni nyingi na bei yake ni ndogo. Bahasha nzima, yenye anwani na mhuri, ndiyo itafutwayo, maana yaonyesha kwamba posta ile ilifanya kazi kweli.

Jambo hilo sikulijua nilipoanza. Mzee mmoja jirani yangu alinipa bahasha iliyotoka Elisabethville, mji uitwao sasa Lubumbashi, ambako ndugu yake alikuwa fundi wa magari. Nilifanya kama wafanyavyo watoto: nikaikata pembe, nikailoweka katika bakuli la maji, stempu ikabanduka safi, na karatasi iliyobaki nikaitupa jikoni. Miaka michache baadaye mzee alikuja nyumbani. Tulipokwisha kunywa chai akaniambia, "Mwanangu, ile bahasha naomba niione. Sitaki kuichukua, nataka kusoma tarehe tu." Kumbe barua ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ndugu yake hakuandika tena, wala hakurudi, na watu wa ukoo walikuwa wakiulizana alikuwa hai mpaka siku gani.

Nilimletea albamu. Juu ya stempu palikuwa na robo ya mhuri tu, na herufi hizi: ELISABE. Siku, mwezi na mwaka vilikuwa vimebaki kwenye karatasi niliyoitupa. Mzee aliitazama kwa muda mrefu, akauliza kama maji ndiyo yaliyofuta, nami nikamweleza kweli yote. Alinyamaza, kisha akaniomba nimsomee zile herufi tena, moja moja.