Masisi na Walikale: Kitanda kinapasuka kwa sababu ya mbao mbichi, siyo kwa sababu ya mti

Kitanda kipya kinaingia nyumbani kikiwa kimenyooka vizuri. Miezi mitatu baadaye ubao wa kichwani umefunguka mstari, miguu inacheza, na mwenye nyumba anamlaumu fundi. Fundi naye analaumu mti: eti hiyo ni eukaliptisi, siyo libuyu. Kwa wakaaji wa Omate na wa sehemu nyingine za Masisi na Walikale, ambako familia inanunua kitanda mara moja kwa miaka mingi, hiyo ni hasara kubwa. Lakini mara nyingi kosa si la mti. Ni maji yaliyobaki ndani ya mbao.

Mti uliokatwa leo unaweza kubeba maji yenye nusu ya uzito wa mbao yake ikiwa kavu, na kwa miti mingine maji yanapita hata uzito huo wote. Maji yakitoka, mbao inapungua. Kwa urefu haipungui karibu kitu. Inapungua kwa upana. Ndiyo maana viungo vinalegea hata kama fundi alipiga misumari mingi.

Msitu wa Walikale unatoa libuyu, jina linalokusanya miti kadhaa ya jamii ya Entandrophragma, ambayo wafanyabiashara wa Ulaya wanaiita sapelli ao sipo. Ni mbao nyekundu, nzito, yenye heshima. Juu ya milima ya Masisi, ambako msitu wa zamani uliachia nafasi malisho ya ng'ombe na mashamba, mbao nyingi ni za miti ya kupanda: eukaliptisi na grevilea zilizotoka Australia, pamoja na sipre iliyotoka Mexico na Amerika ya Kati.

Watu wanadharau sipre, na hapo wanakosea. Kwa meza ama kabati la nyumbani ni mbao nzuri: nyepesi, inakauka upesi kuliko libuyu, randa inapita bila taabu. Ubaya wake ni vifundo, kama mwenye mti hakukata matawi ya chini mapema. Grevilea ina maua mazuri ndani ya mbao, ila unga wake unawasha ngozi ya wengine. Unga wa libuyu nao unachoma pua, funga kitambaa. Eukaliptisi ndiyo ngumu kuiongoza: inajivuta yenyewe tangu siku ya kupasuliwa na kupasuka miishoni. Iache iwe nguzo.

Kuna pia jambo la sheria. Sheria ya misitu ya mwezi wa nane 2002 inaruhusu wakaaji kuchukua mti wa msituni kwa mahitaji ya nyumba yao, lakini haiwaruhusu kugeuza mti huo kuwa biashara. Anayetaka kuuza mbao anahitaji kibali. Mti ulio ndani ya shamba la mtu ni mali ya mwenye shamba. Kwa hiyo sipre ya jirani yako, mkipatana bei, inakuletea shida kidogo kuliko libuyu isiyojulikana ilikotoka.

Ukishapata mbao, usizianike juani wala juu ya moshi wa jikoni. Nje itakauka haraka, ndani itabaki mbichi, kisha ubao utapasuka. Zipange chini ya paa lisilo na kuta, juu ya mawe, mbali na udongo. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vya unene mmoja, kila nusu meta, kijiti juu ya kijiti kwa mstari mmoja. Vikipishana, mbao zitapinda. Paka rangi ya zamani miishoni, maana huko maji yanatoka mbio zaidi. Weka mawe mazito juu. Sipre ya sentimeta mbili na nusu inataka miezi miwili ao mitatu ya kiangazi. Libuyu inataka nusu mwaka na zaidi. Pima ubao mmoja kwa kilo kila juma. Uzito ukisimama majuma mawili, mbao iko tayari.

Shida ni kwamba vita haimpi mtu miezi hiyo. Mwezi wa tatu 2025 waasi wa M23 waliingia Walikale-centre, wakatoka mwanzoni mwa mwezi wa ine. Anayekimbia anabeba mtoto na godoro, habebi rundo la mbao. Fundi anayejua hivyo anauza mbichi leo kuliko kupoteza kavu kesho, na ni vigumu kumhukumu. Naye anayerudi anataka pa kulala usiku uleule.

Kama huwezi kungoja, omba mbao nyembamba, za upana wa sentimeta kumi hivi: zinakauka upesi na hazipindi sana. Ukate ganda jeupe la nje, maana wadudu wanaanzia hapo. Kitanda kifungwe kwa bulo, ili ukaze tena viungo vikilegea. Ubao mpana wa kichwani usipigwe misumari pande zote wala kutiwa kole. Uingizwe ndani ya mfereji wa miguu, ukiachiwa nafasi ndogo ya kupungua bila kupasuka.