Injini Mpya, Mshale wa Zamani

Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru haijui tambarare. Inazunguka ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya, na kila mto unaoteremka kutoka mlimani inabidi iushukie na kuupandia: Ena, Thuci, Nithi, Mutonga. Pikapu iliyobeba ndizi za Nkubu ikianza kupanda baada ya Daraja la Nithi kuelekea Chuka, dereva huweka gia ya pili. Injini inafanya kazi nzito, na kwa vile mwendo ni mdogo, upepo unaopita kwenye redieta nao ni mdogo. Hapo ndipo macho yanapokimbilia geji ya joto.

Kwenye magari mengi ya huku, geji hiyo haifahamiani na injini iliyo mbele yake. Injini ya kwanza ilichoka zamani, ikang'olewa, na mahali pake pakaingia injini ya mtumba kutoka Japani, pengine iliyonunuliwa Nairobi kwenye Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan. Landrova Series III iliyotoka kiwandani na injini ya petroli leo inaweza kuwa na dizeli ya Toyota au Isuzu. Gari linawaka, linavuta vizuri, mwenyewe anafurahi. Mshale wa joto tu ndio umelala kwenye baridi na hauamki.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kwanza tukubali kwamba geji haipimi joto. Inapima umeme. Kinachohisi joto ni sensa, kipande kidogo cha shaba kilichofungwa kwa nyuzi za skrubu kwenye hedi au karibu na thamostati, ncha yake ikiwa ndani ya maji. Ndani ya sensa mna kitu ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri kinavyopata moto. Tabia hii ilionwa na Michael Faraday mwaka 1833 alipokuwa akichunguza salfidi ya fedha, nayo ni kinyume cha waya wa kawaida, ambao ukipata moto huzidi kuuzuia umeme.

Umeme hutoka kwenye betri, ukapita fyuzi, ukaingia kwenye geji, ukafuata waya mmoja hadi kwenye sensa, kisha ukarudi kwenye betri kupitia chuma cha injini na waya wa arthi. Maji yakiwa baridi, sensa inabana na umeme unaopita ni kidogo. Yakiwa moto, sensa inaachia. Katika geji za zamani kama za Series III, umeme huo hupasha moto ukanda mwembamba wa metali mbili zilizoshikanishwa. Metali moja hutanuka kuliko nyenzake, ukanda unapinda na kuusukuma mshale. Ndiyo maana mshale wa Landrova hupanda polepole hata ukiwasha swichi injini ikiwa moto tayari.

Geji na sensa basi ni jozi. Toyota nyingi za zamani zilitumia sensa ya geji yenye ohm kama 220 maji yakiwa na nyuzi 50 za Selsiasi, na ohm kama 26 yakifika nyuzi 115. Lakini injini inayoendeshwa na kompyuta ina sensa nyingine, ya pini mbili, ambayo si ya geji. Ile ya Toyota huwa na ohm kati ya 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi 20, na kati ya 200 na 400 kwenye nyuzi 80. Fundi akiunga waya wa geji kwenye sensa hiyo, maji yatafika nyuzi 80 huku geji ikidhani hayajapita 50. Ni sawa na kusoma bei iliyoandikwa kwa dola ukidhani ni shilingi. Mbaya zaidi, waya huo huivuruga kompyuta yenyewe, ikakosea kipimo cha mafuta.

Kabla ya kulaumu sensa, fundi makini huanza na waya. Kwenye geji ya zamani, huchomoa waya wa sensa huku swichi ikiwa imewashwa: mshale unapaswa kubaki kwenye baridi. Kisha hugusisha waya huo kwenye chuma cha injini kwa muda mfupi, bila kuuacha hapo: mshale unapaswa kupanda kuelekea moto. Ukipanda, geji na waya ni vizima, na kasoro iko kwenye sensa au arthi yake. Waya mnene wa arthi kati ya injini na chesisi husahaulika mara nyingi injini inapobadilishwa, na ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, ikizungushwa kwa wingi kwenye nyuzi za sensa, inaweza kuzuia umeme kurudi. Kwenye Series III kuna kidhibiti pia, kinachozipa geji wastani wa volti 10. Geji ya joto na ya mafuta zikipanda kupita kiasi kwa pamoja, tazama kama kidhibiti hicho kimeshika arthi vizuri. Magari yenye dashibodi ya kompyuta hayapimwi kwa njia hii.

Waya ukiwa mzima, suluhisho la kawaida ni kuiacha geji na sensa yake ya asili zibaki pamoja. Nyuzi za skrubu za Mwingereza na Mjapani hazilingani, kwa hiyo mkereza vyuma hutengeneza bushi ya shaba: nje inaingia kwenye injini mpya, ndani inapokea sensa ya zamani. Ncha ya sensa lazima ifike kwenye maji yenyewe. Ikijificha ndani ya bushi itasoma chini.

Inayofuata ni kazi ambayo wengi huiruka: kuufundisha mshale kusema kweli. Sensa hutumbukizwa kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto polepole, waya mmoja ukitoka kwenye kiwiliwili chake hadi kwenye arthi ya gari, huku kipimajoto kikiwa kando yake. Kila baada ya nyuzi kumi, alama inawekwa kwenye kioo cha geji.

Hapa mlima unaingia kwenye hesabu. Fundi asiye na kipimajoto huchemsha maji akasema hizo ni nyuzi 100. Mombasa angekuwa sahihi. Mji wa Meru uko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, Embu chini kidogo. Hewa ya huku ina kanieneo ndogo, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ukipanda barabara ya Timau hadi mita 2,500, yatachemka kwenye nyuzi 92 au chini kidogo. Alama ya "100" iliyowekwa Meru kwa sufuria ni ya nyuzi 95, na dereva ataitegemea kwa miaka.

Tofauti hiyo inaigusa redieta pia. Thamostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88, karibu sana na 95. Kinachoyazuia maji yasichemke ni kizibo cha redieta. Kizibo kilichoandikwa 0.9 hushikilia presha ya karibu baa 0.9 juu ya ile ya hewa, na hata Meru maji matupu hayatachemka hadi yapite nyuzi 110. Raba ya kizibo ikichoka, kinga hiyo yote inapotea, na gari litachemsha mlimani huku geji ikionyesha joto ambalo Mombasa lisingemtisha mtu.

Wengine hutoa thamostati wakiamini wanaipoza injini. Barabarani asubuhi injini hiyo haifiki joto lake, mshale unabaki chini, na mwenye gari anaanza kununua sensa ambazo hakuzihitaji. Kisha kuna mtego mmoja ambao hata geji nzuri haiuepuki: mpira ukipasuka na maji kuisha, sensa hubaki kwenye mvuke au hewa, na mshale unaweza kushuka wakati ambapo hedi inaungua. Mshale unaoshuka ghafla katikati ya mlima ni sababu ya kusimama, si ya kushukuru.

Kwa hiyo kabla ya kulipa kazi ya kubadilisha injini, mwombe fundi akuonyeshe mambo mawili: mshale unasimama wapi thamostati inapofunguka, na unasimama wapi maji ya sufuria yanapochemka hapo hapo mlipo. Akikuonyesha, weka alama na umlipe. Akikwambia geji ni pambo tu, kazi haijaisha.